Darasa Kando ya Kitanda cha Bibi



Ni miezi mingi sijaandika hapa. Waliopiga simu kutoka Unguja, Mombasa na Maskati wanaijua sababu: mnamo Novemba 2023 mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi. Wengi wenu mlimwombea dua, nami sina cha kuwalipa ila kuwaombea vivyo hivyo. Mlipokwisha kuuliza hali ya mgonjwa, wengi mliuliza pia, kwa upole na kwa sauti ya chini: "Na masomo ya watoto je?" Kila mara nilijibu, "Alhamdulillahi, wanaendelea." Jibu lile halikuwa uongo, wala halikuwa kweli yote. Leo nataka kulijibu swali hilo kama linavyostahili kujibiwa, kwa kuwa najua wapo miongoni mwetu wazazi wengine wanaosomesha watoto wao nyumbani katika nchi za ugenini, na hakuna nyumba isiyofikiwa na mtihani wake.

Kwa wasiotujua: watoto wangu 3 walikuwa hawaendi shule. Tunaishi Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, ambako marehemu baba yangu alishuka melini katika miaka ya 70 akapata kazi, kisha akamleta Mama kutoka Mombasa. Mimi nilizaliwa hapa. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwezi Machi 2020, tuliwasomesha watoto nyumbani kama walivyofanya wazazi wengi. Zilipofunguliwa, sisi hatukuwarudisha. Binti yangu mkubwa alikuwa akienda shule kila siku na maumivu ya tumbo ambayo daktari hakuyaonea sababu, na maumivu hayo yalikoma alipokaa nyumbani. Kwetu hilo lilitosha.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi katika England na Wales ahakikishe kuwa mwanawe anapata elimu ya kutwa inayolingana na umri wake, uwezo wake na kipawa chake, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Katika maneno hayo machache ya mwisho ndimo tunamoishi. Hatulazimiki kufuata mtaala wa taifa. Kwa upande mwingine hatupewi hata peni moja, na mtihani ukiwadia mzazi huulipia mwenyewe.

Nusu ya shule yetu alikuwa Mama. Mimi nilishika hesabu, sayansi na Kiingereza. Yeye alishika Qurani na Kiswahili, pamoja na mambo ambayo hayana jina kwenye ratiba yoyote. Ndiye aliyewafundisha kuwa vibaba 2 ni kisaga na visaga 2 ni pishi, akawapimisha mchele mpaka wakayajua mafungu na sehemu zake kabla sijawafungulia kitabu. Ndiye aliyewafundisha kuisoma saa mara mbili: mshale uko kwenye 7, lakini kwa Kiswahili ni saa moja, kwa sababu siku yetu huanza pamoja na jua. Mwanangu wa kiume alidhani kwa muda mrefu kwamba saa ya Bibi imeharibika. Alipokwisha kufahamu, alikuwa amejifunza jambo la hesabu ambalo mimi nililikuta chuo kikuu.

Siku hiyo ya Novemba alikuwa akimsikiliza kitinda mimba wetu, mwenye miaka 7, akisoma juzuu ya Amma. Mimi nilikuwa jikoni. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 10, alikuja akaniambia, "Mama, Bibi anacheka upande mmoja." Nilikimbia. Uso ulikuwa umelegea upande wa kulia, mkono umelala mapajani kama si wake, na maneno aliyotaka kuyasema yalitoka yamevunjika. Tulipiga simu, gari la wagonjwa likaja, nikaondoka naye. Nyuma walibaki watoto 3 na msahafu uliofunguliwa.

Mtoto aendaye shule, nyumba yao inapoingia msiba, huamka asubuhi akaondoka kwenda mahali ambapo kengele italia kama ilivyolia jana, na mwalimu atasimama palepale. Kwa saa 6 msiba haumfuati, au humfuata kwa mbali. Mtoto asomeshwaye nyumbani hana mahali hapo. Shule yake ni meza ileile ambayo mama yake amekaa akilia. Sikuwa nimelifikiria jambo hili hata mara moja katika miaka mitatu na ushei ya kusomesha. Nilifikiria vitabu, marafiki, mitihani. Sikufikiria siku ambayo mwalimu mmoja atalala hospitali na mwalimu wa pili atakaa pembeni ya kitanda chake.

Wiki ya kwanza hatukusoma chochote, na siijutii. Ninayoijutia ni ya pili. Nilishikwa na hofu, nikatundika ratiba mpya kwenye mlango wa friji, yenye vipindi 5 kwa siku, kana kwamba hakuna lililotokea. Mume wangu ni dereva wa basi na zamu zake hubadilika kila wiki. Siku ambazo hakuwapo, niliwabeba watoto pamoja na vitabu vyao mpaka hospitali. Siku moja, katika ujia wa wodi, nilimsimamia mwanangu wa kiume afanye hesabu za kugawanya tarakimu nyingi. Alikosea, nikamrudisha. Akakosea tena, nikamrudisha tena, sauti ikinipanda. Akaanza kulia bila ya kutoa sauti, machozi yakidondoka kwenye daftari na wino ukienea. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akamnunulia biskuti kwenye mashine, akampa, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Nililiona daftari lile, nikamwona mtoto, nikajiona na mimi. Tulipofika nyumbani niliibandua ratiba.

Basi tukaangukia upande wa pili. Baada ya ratiba kutoka hakukuwa na kitu. Simu na tableti zilikuwa mwalimu, na jokofu lilijaa vyakula vya kununua. Desemba ilipita hivyo.

Mwanzoni mwa Januari ikafika barua kutoka halmashauri, ile ambayo huja kila mwaka kuuliza elimu ya watoto inaendaje. Ilikuwa ya adabu, kama kawaida yao. Lakini niliisoma nimesimama mlangoni, na magoti yakaniishia nguvu. Ningeandika nini?

Kila mtoto wetu ana daftari la siku, ambalo huandika mwenyewe, jioni, kile alichojifunza. Nilikuwa sijayafungua tangu Novemba. Usiku ule, wote walipolala, niliyachukua nikakaa ngazini kuyasoma, nikitafuta cha kuwaandikia halmashauri. La kitinda mimba lilikuwa na picha za vitanda. La kaka yake lilikuwa tupu. La binti yangu mkubwa, mwenye miaka 13, lilikuwa limejaa, siku baada ya siku, kwa mwandiko mzuri. "Nimepika wali na maharage. Nimefua. Nimemsomesha mdogo wangu kurasa mbili." Siku iliyofuata: "Nimepika tambi. Nimemlaza mdogo wangu." Halafu, katikati ya Desemba, mistari miwili tu: "Leo sikusoma. Nilikuwa mama."

Wakati wote huo nilikuwa nikimsifu mbele ya watu. "Mashaallah, amekuwa mtu mzima," niliwaambia waliopiga simu. Huko kukua nilikokusifu kulikuwa kukimla. Nilikuwa nimemwondoa shuleni ili asiumwe tumbo, kisha nikamkabidhi nyumba nzima bila ya kumwuliza.

Nilikaa pale ngazini mpaka karibu na alfajiri, nikamkumbuka Mama mwenyewe alipokuwa mdogo kuliko huyu.

Wengine wenu mnaijua habari hii kwa urefu wake. Nitaieleza kwa ufupi. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta Mama ana miaka 11. Baba yake hakuonekana tena. Mama yake na bibi yake walivuka naye mpaka Mombasa na mabegi mawili, wakapewa chumba kimoja kwa jamaa huko Mji wa Kale. Ada ya shule haikuwapo. Kwa miaka miwili Mama hakuingia darasani. Mama yake alishona nguo za watu kutoka asubuhi mpaka usiku. Bibi yake, ambaye hakuwahi kusoma shule ya serikali hata siku moja, ndiye aliyechukua jukumu la kumfundisha.

Mama alinisimulia mara nyingi jinsi bibi yake alivyofanya. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya uji, walikaa mkekani wakasoma jambo moja. Siku moja lilikuwa sura, siku nyingine barua ya zamani iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, siku nyingine hesabu ya pesa za ushonaji. Lilikuwa jambo moja tu, lakini halikuachwa: siku ya njaa lilisomwa, na siku iliyokuja habari ya msiba lilisomwa. Baada ya hapo mtoto alikuwa huru kucheza uani na wenzake. Bibi alisema kuwa mtoto aliyepoteza nyumba asipoteze na mchezo.

Na miongoni mwa alivyomfundisha kwa moyo ulikuwa utenzi wa Mwana Kupona. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa utenzi huo, lakini kuna jambo moja katika historia yake ambalo sikuwahi kulitia maanani mpaka mwaka huu. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, naye alikuwa mgonjwa. Miaka michache tu baadaye alifariki. Tumeuzoea kama mawaidha ya ndoa, na wengine siku hizi wanabishana nao kwa hayo. Mimi usiku ule niliuona kwa sura nyingine. Niliona mama mgonjwa, nyumbani mwake, anamwita mwanawe akae karibu naye na kuleta karatasi na wino, kwa kuwa ana kitu cha kumpa na hajui amebakiwa na muda gani. Ugonjwa haukulifunga darasa. Darasa lilihamia penye ugonjwa.

Asubuhi nilimwita binti yangu, nikamwonyesha ule mstari, nikamwomba radhi. Alidhani nimekasirika kwa kuwa hakusoma. Ilinichukua muda kumfahamisha kuwa aliyekosea ni mimi.

Tukapanga upya, na nitaeleza tulivyopanga kwa kuwa ndilo mlilouliza.

Kwanza, tulirudi kwenye jambo moja. Kila mtoto alikuwa na somo moja la lazima kwa siku, lisilozidi dakika 40, lifanywe asubuhi kabla simu hazijaanza kulia. Binti mkubwa alichagua Kiingereza, kwa kuwa ndicho anachokipenda, na mtoto aliyechoka hujikokota vizuri zaidi kwenye njia anayoipenda. Mwanangu wa kiume alipewa hesabu. Kitinda mimba alipewa kusoma. Lolote lililozidi hapo lilihesabiwa ziada, na siku ambayo hapakuwa na ziada hatukuombana msamaha.

Pili, niliacha kusema "tunaendelea vizuri." Hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwa sababu sisi tumelelewa kusitiri. Kaka yangu wa Maskati hakuwahi kuafiki watoto kukaa nyumbani, na niliogopa kumpa silaha. Nilimpigia nikamwambia kweli: watoto hawasomi, binti yangu amechoka, nami nimeshindwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo kijana amefika wapi katika hesabu?" Tangu siku ile, jioni 3 kwa wiki, mjomba alikuwa akimfundisha mpwawe kwa video, yeye Maskati ni usiku, huku kwetu mchana bado haujaisha. Mama mmoja wa msikitini, alipoijua hali yetu, alianza kutuletea chakula kila Jumatano na Jumamosi. Familia nyingine inayosomesha nyumbani ilimchukua kijana wetu kila Jumanne pamoja na watoto wao. Watu hawa wote walikuwapo tangu Novemba, ila hawakuwa na habari.

Tatu, binti mkubwa alipewa siku 2 kwa wiki ambazo hapiki, halezi, wala haulizwi kitu. Alizitumia maktabani, mara nyingine kulala.

Na nne, halmashauri niliwaandikia kurasa 2 za kweli. Nilieleza ugonjwa, nilieleza wiki ambazo hatukusoma, nilieleza mpango mpya na vitabu vinavyotumika. Walijibu kwa kunishukuru na kumtakia mgonjwa afya. Hofu yote ile ilikuwa yangu mwenyewe.

Katikati ya Januari Mama akarudi nyumbani. Kitanda chake tulikiweka sebuleni, karibu na dirisha, mahali ambapo palikuwa na meza ya kusomea. Meza tuliisogeza ubavuni mwa kitanda, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Hivyo ndivyo darasa lilivyohamia pale, si kwa hekima yangu bali kwa udogo wa nyumba.

Mkono wake wa kulia ulikuwa bado hauna nguvu. Maneno yake yalikuwa yametawanyika. Kiingereza, alichokisema kwa zaidi ya miaka 40 sokoni, katika mabasi na kazini, kilikuwa kimeondoka karibu chote. Kiswahili kilibaki vipande vipande. Lakini siku ya kwanza nilipomwekea mto na kusema Bismillahi, aliisoma Alhamdu yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kukwama. Mtaalamu wa matamshi alitueleza kuwa mara nyingi huwa hivyo: vitu ambavyo mtu alivihifadhi kwa kuvikariri, kama vile dua, siku za wiki na kuhesabu, huweza kusalia hata pale maneno ya kawaida yanapopotea. Mama aliweza kuhesabu kutoka moja mpaka kumi, lakini hakuweza kuomba kikombe cha maji.

Mtaalamu yule alikuwa mwema na mvumilivu, ila hakujua Kiswahili, na picha alizotuachia za kufanyia mazoezi zilikuwa za vitu ambavyo Mama hakuvipenda hata alipokuwa mzima. Kitinda mimba alizitazama akasema, "Hizi si za Bibi." Tukachora zetu: mbuzi ya kukunia nazi, kifuu, jahazi, ungo, kinu, halwa katika sahani. Chini ya kila picha kitinda mimba aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Kisha akaandika na vikaratasi vya vitu vya nyumba, akavibandika: MLANGO, DIRISHA, KIKOMBE, PAZIA. Lilikuwa zoezi la Bibi, lakini lilikuwa pia somo lake yeye, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuandika.

Kila asubuhi walikuwa wakikaa pamoja. Mtoto ananyooshea kidole, Bibi anatafuta. Wakati mwingine neno linakuja. Wakati mwingine linakuja lisilo lake. Siku moja alionyeshwa kikombe, akahangaika kwa muda, kisha akasema kwa uhakika kabisa, "Jahazi." Mtoto akacheka kabla sijamzuia. Nilikwisha kufungua kinywa kumkemea nikamwona Mama naye anacheka, kwa upande mmoja wa uso, mabega yakitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba. Kikombe kile mpaka leo tunakiita jahazi.

Kuandika walijifunza sambamba. Mama alikuwa akijaribu mkono wa kushoto, mjukuu akijaribu wa kulia, wote wawili wakiandika alifu iliyopinda. Nilikumbuka jinsi Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alivyosimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kuwa alijifundisha kuandika kwa siri, akizinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana wa zama zake walifundishwa kusoma tu. Niliwasimulia wote wawili. Kitinda mimba aliuliza kama tunaweza kupata mfupa wa ngamia hapa Portsmouth. Tukampa kipande cha kadibodi.

Kijana wetu naye alipata somo lake pale dirishani. Zamani Bibi alizoea kumwuliza kila siku, "Leo mwezi ngapi?", akimaanisha mwezi wa Kiislamu, na kutokana na jibu alimweleza bahari ikoje. Sasa mtoto aliamua kulifanya jambo hilo kuwa kazi. Kwa mwezi mzima aliandika saa na kimo cha maji kujaa pwani ya Southsea, na pembeni yake tarehe ya mwezi. Alichora mistari, akaona mwenyewe kuwa bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Alimwendea Bibi na karatasi yake kama mtu aliyegundua kisiwa. Bibi akaiangalia, akainua vidole viwili, kisha akaonyesha juu, kisha akateremsha kiganja polepole: alikuwa akiyajua yote hayo tangu Forodhani. Alipoambiwa kwamba Southampton, jirani zetu, maji hujaa mara mbili mfululizo kabla ya kupwa, alitikisa kichwa na kupunga mkono. Hilo hakulikubali, na mpaka leo halikubali.

Sitaki mdhani kuwa kila siku ilikuwa hivyo. Kulikuwa na siku Mama alitupa picha chini akalia kwa hasira, na watoto wakaondoka chumbani. Kulikuwa na usiku tuliorudi naye hospitali. Ukiniuliza hasara, nitazitaja: binti mkubwa alikaa miezi 4 bila ya sayansi yoyote ya maana, kijana alichelewa katika sehemu na desimali mpaka mjomba wake alipomsukuma, na kitinda mimba anasoma Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza. Hasara nyingine tumekwisha kuzilipa, nyingine bado tunalipa.

Kisha, katika Ramadhani ya mwaka huo, usiku mmoja baada ya tarawehe, binti yangu mkubwa alinifuata jikoni nikiosha vyombo. Alisema, "Mama, Septemba nataka kwenda shule." Akaongeza haraka, "Si kwa ajili ya Bibi. Nataka tu kwenda."

Nilijikausha mikono kwa muda mrefu. Nilisikia miaka yote ile inaporomoka: tumbo lake, ratiba zangu, maneno niliyobishana na jamaa. Nilitaka kumwambia kuwa amechoka tu, atabadili mawazo. Lakini nilikuwa nimeusoma mstari wake mmoja kwa kuchelewa, sikutaka kuchelewa mara ya pili. Nikakumbuka pia mwisho wa hadithi ya Mombasa, ambao Mama huupitia kwa haraka. Mwaka 1966 pesa za ada zilipopatikana, bibi yake yule yule ndiye aliyejifunga buibui akamshika mkono akampeleka mpaka mlango wa shule. Hakusema kuwa anamnyang'anya mwanafunzi wake. Mkeka ulikuwa wa kumvusha tu, na alikwisha kuvuka.

Nikamwambia, "Kamwambie Bibi."

Alikwenda akakaa kitandani akamweleza polepole. Mama alisikiliza, akamtazama, akaanza kulitafuta neno. Tulingoja. Mwishowe likatoka: "Kalamu." Hatukujua alitaka kalamu aandike jambo, au alimaanisha kitu kingine. Binti yangu akamwekea kalamu kiganjani. Mama akaitazama, akamrudishia mjukuu wake, akamkunja vidole juu yake.

Septemba alianza shule. Tumbo halijamwuma. Wadogo zake wawili wamebaki nyumbani, na meza bado iko ubavuni mwa kitanda, ingawa Mama siku hizi hukaa kitini na huomba maji mwenyewe.

Ikiwa yupo kati yenu aliyeingia katika majira kama haya, namwachia machache. Shika jambo moja kila siku, uliache kubwa lipite. Sema kweli kwa jamaa kabla hujazidiwa, maana hawana njia ya kuyajua. Mwangalie mtoto anayesaidia sana kuliko unavyomwangalia anayesumbua. Na mgonjwa asiwekwe mbali na masomo, akiwa anataka, kwa kuwa huenda bado ana somo lililobaki.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, popote watakapoipatia. Amin.

Wassalaam.